Mkwe Ana Mioyo Mingapi?

Mazungumzo ya leo ni kuhusu gemu za kompyuta, ila si zile za risasi wala za mpira. Ni zile za kuiga maisha: unalima, unapika, unasalimiana na majirani, unachumbia, unaoa au unaolewa. Ndani ya gemu hizo kuna jambo ambalo vijana wetu wanaoanza kuzirekebisha, wale wanaotengeneza viongezi vinavyoitwa modi, wanalipita juujuu. Wanachora nyumba nzuri za makuti, wanawavalisha wahusika kanga na kanzu, wanapanda minazi. Wakifika kwenye uhusiano, yaani nani ni nani kwa nani, wanaweka namba na kufunga faili.

Mfano wangu ni Stardew Valley. Gemu hii ilitoka Februari 2016, na mtengenezaji wake, Mmarekani Eric Barone, aliishughulikia peke yake kwa takriban miaka minne na nusu: msimbo, michoro, muziki, hata maneno yanayotoka vinywani mwa wahusika. Leo nakala zilizouzwa zimepita milioni 40. Mchezaji anarithi shamba la babu yake, anahamia kwenye mji mdogo unaoitwa Pelican Town, analima, anavua samaki, na kidogo kidogo anazoeana na wakazi zaidi ya 30.

Kuzoeana huko kuna hesabu. Ukimsemesha mtu, siku hiyo unapata pointi 20. Ukimpa zawadi anayoipenda mno unapata 80, anayoipenda kiasi 45, asiyoijali 20; asiyoipenda unapoteza 20, na anayoichukia unapoteza 40. Siku yake ya kuzaliwa hesabu hiyo inazidishwa mara nane. Pointi 250 zinajaza moyo mmoja mwekundu kwenye ukurasa wa mahusiano. Kijana au binti anayeweza kuchumbiwa anasimama kwenye mioyo minane mpaka umpelekee shada la maua, ambalo dukani linauzwa dhahabu 200. Na ukiacha kumsemesha mtu, pointi zinapungua mbili kila siku. Kama ni mwenzi wako wa ndoa, zinapungua 20.

Mtu akiisikia hesabu hii kwa mara ya kwanza hukunja uso. Urafiki wa kununuliwa kwa zawadi! Mimi sikunji. Kompyuta haina pa kuhifadhi upendo isipokuwa kwenye tarakimu, na sisi wenyewe tuna daftari la michango ya harusi, tunajua fulani alitoa kiasi gani na sisi tulimrudishia kiasi gani alipomwoza binti yake. Namba haina kosa. Kosa linaingia pale mwandishi wa modi anapodhani kwamba akishaweka namba, uhusiano ameshauandika.

Nichukue tukio moja nikuoneshe ninachomaanisha. Kuna binti anaitwa Penny, anaishi na mama yake, Pam, ndani ya tela kuukuu kando ya mto, na mama ana shida ya pombe. Kuna mzee anaitwa George, anatumia kiti cha magurudumu, anaishi na mkewe Evelyn na mjukuu wao Alex. Mchezaji akishafikisha mioyo miwili kwa Penny, akaingia mjini kabla ya alasiri siku isiyo na mvua, anamkuta George akihangaika kuifikia barua ndani ya sanduku lake. Penny anatokea, anakisukuma kiti pembeni bila kuuliza, anaitoa barua, anampa. Mzee anafoka, angeweza mwenyewe. Kisha anatulia, anaona haya kwa kufoka kwake, anaomba radhi. Akishaondoka, mchezaji anatakiwa kusema anaonaje. Anaweza kumsifu Penny kwa wema wake. Anaweza kumwambia alipaswa kumuuliza mzee kwanza. Jibu lake linagusa zile pointi.

Tazama kilichofanyika pale. Hakuna aliyepewa zawadi. Hakuna aliyemwambia mwenzake kuwa anampenda. Lakini ukitoka hapo unajua Penny ni binti wa namna gani, unajua George anaogopa nini, na wewe mwenyewe umelazimika kuchagua kati ya kumfurahisha binti na kusimama upande wa heshima ya mzee. Namba 500, ndiyo mioyo miwili, ilifanya kazi ndogo sana: ilifungua mlango. Uhusiano uko katika kilichoandikwa nyuma ya mlango huo.

Na kilichoandikwa si uchawi. Ukilifungua faili la matukio ya mjini, kisa chote hicho ni mstari mmoja mrefu wa maandishi. Mwanzoni kuna utambulisho wa tukio na masharti yake, yametenganishwa kwa mkwaju: herufi f, jina la Penny, namba 500, halafu hali ya hewa, halafu saa. Baada ya masharti yanafuata maagizo: muziki gani upigwe, nani asimame wapi na atazame upande gani, nani aseme nini, nani asogee hatua ngapi, na kimya kidumu kwa milisekunde ngapi. Naam, kimya nacho kinaandikwa. George akishafoka, kuna haja ya kimya kabla hajaomba radhi. Ukikiondoa, radhi yake inageuka adabu ya kukariri.

Anayetaka kuandika matukio yake mwenyewe anahitaji programu mbili za bure, SMAPI inayoendesha modi na Content Patcher inayosoma faili zake, pamoja na kihariri chochote cha maandishi. Hahitaji shahada ya kompyuta. Faili zenyewe ni za JSON, maandishi matupu yenye mabano na nukta pacha, na mkato mmoja uliosahauliwa unaweza kuizuia modi nzima isifunguke. Hilo linajifunzika. Kuandika mtu ndiyo kazi.

Sasa nije kwenye kumbukumbu, maana hapo ndipo naona modi nyingi zinapopwaya. Katika maisha, jambo likitokea kati ya watu wawili, wa tatu analisikia. Stardew Valley ina njia ya kuliandika hilo, inaitwa mada ya mazungumzo. Ndani ya tukio unaweka agizo la kuongeza mada, unaipa jina na idadi ya siku. Usipoitaja, inadumu siku nne. Katika siku hizo, kila mhusika uliyemwandikia mstari kwa jina la mada hiyo atausema akikutana na mchezaji. Na unaweza kuifanya mada irudi baadaye kama kumbukumbu, baada ya wiki, hata baada ya mwaka. Kwa hiyo mwandishi wa kisa cha barua ya George angeweza kumpa Evelyn mstari mmoja siku inayofuata, wa kushukuru au wa kuuliza kwa upole kama mumewe alimfokea mtu tena. Mstari mmoja tu, na tayari mke na mume wana maisha ambayo mchezaji hakuyaona.

Gemu yenyewe imelifanya hili vizuri mahali pachache. Mchezaji anayewachumbia vijana wote sita wa kiume kwa pamoja, akafika nao mbali, siku moja anaingia baa na kuwakuta wamekaa wanamsubiri. Wameongea, wamegundua. Wanamnunia wiki nzima. Isipokuwa kama mfukoni ana mguu wa sungura, kitu cha bahati. Basi hapo wanacheza naye mchezo wa pool na mambo yanapita. Na kuna jambo zito zaidi. Anayemwacha mwenzi wake analipa dhahabu 50,000, na aliyeachwa anabaki kijijini na uchungu wake. Lakini ndani ya kibanda cha mchawi kuna madhabahu ambapo kwa dhahabu 30,000 unaweza kumfutia mtaliki wako kumbukumbu yote, mkakutana kesho kama wageni. Hilo hunisumbua kila ninapolifikiria, na naamini limeandikwa ili lisumbue. Mwandishi ameuliza swali kwa kutumia bei na kitufe.

Hata hivyo gemu hii ina kasoro moja ya msingi, na anayetengeneza modi ni lazima aijue kabla hajaandika neno. Pointi zote zinamhusu mchezaji. Penny ana pointi kwako. Kwa mama yake hana hata moja. Pam akilewa, akisafisha nyumba, akipata kazi, hakuna tarakimu inayopanda wala kushuka kati ya mama na mwana. Katika toleo la 1.6 la mwaka 2024 faili la wahusika lina sehemu ya kutaja ndugu na marafiki wa karibu wa kila mtu, lakini kazi yake ni ndogo, mfano mtu kukudokezea zawadi anayoipenda ndugu yake. Kijiji kizima kimekaa duara kukuzunguka wewe. Mwandishi ndiye wa kuwageuza watazamane.

Inawezekana, kwa maneno matupu. Kuna mwanajeshi anaitwa Kent, ambaye mwaka wa kwanza wa mchezo hayupo, yuko vitani. Mkewe Jodi na wanawe Sam na Vincent wanaishi bila yeye. Mwaka wa pili anarudi, na katika tukio moja mlio wa bisi jikoni unamrudisha vitani mbele ya mkewe. Hakuna pointi kati ya Kent na Jodi. Kuna mistari ya kabla na mistari ya baada, imeandikwa na mtu aliyejiuliza nyumba inakuwaje baba akirudi akiwa si yule aliyeondoka.

Kwa namba kati ya wahusika wenyewe, gemu ya The Sims, ya mwaka 2000, kazi ya Will Wright na kampuni ya Maxis, ilianza na wazo ambalo mimi naliona bora. Kila mhusika alikuwa na namba yake kwa mwenzake, kutoka hasi 100 hadi chanya 100, na namba hizo hazikulazimika kulingana. Asha anaweza kumpenda Juma kwa 70 na Juma akampenda kwa 20 tu, na gemu inalijua hilo. The Sims 3 ilipotoka mwaka 2009, upau wa uhusiano ukawa mmoja wa wote wawili. The Sims 4, mwaka 2014, ikatenga urafiki na mahaba, lakini kila upau bado ni wa pamoja. Upande mmoja ulirudi mwishoni mwa 2020 kupitia hisia za kudumu, ambapo mmoja anaweza kubaki na kinyongo ambacho mwenzake hana habari nacho. Walipopoteza mapenzi ya upande mmoja walipoteza nusu ya hadithi za dunia, na wakaona haja ya kuyarudisha.

Sasa, kijana wa Tanga, wa Mombasa, wa Bukavu, anayetaka kuweka kijiji cha kwetu ndani ya gemu hizi. Namba hizi zina mhimili mmoja, kutoka baridi hadi joto. Mwisho wa joto ni ukaribu: mtu anakuambia siri, anakukumbatia, anaingia kwako bila hodi. Ukimwandika mama mkwe kwa mhimili huo utamharibu. Katika jamii nyingi za kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawali sahani moja, hawaketi karibu, wakikutana njiani mmoja anapisha. Anavyokupenda zaidi ndivyo anavyokutunzia heshima hiyo zaidi. Akianza kukupiga begani na kucheka nawe, ujue kuna kilichoharibika.

Naye anaandikika. Katika Stardew Valley, mistari ya mazungumzo inawekwa kwa siku ya wiki na kwa idadi ya mioyo: Jumatatu ya kawaida, Jumatatu ya mioyo minne, Jumatatu ya mioyo minane. Wengi huandika maneno mengi zaidi kadiri mioyo inavyoongezeka. Kwa mkwe, geuza. Mioyo miwili, anakujibu salamu na kukuuliza habari za shamba. Mioyo sita, anajibu salamu tu. Mioyo minane, hasemi nawe barabarani kabisa, lakini asubuhi kwenye sanduku lako la barua kuna kifurushi, maana gemu inaruhusu barua kubeba vitu: mkate wa kumimina, na maneno mawili yaliyoandikwa na mjukuu kwa niaba yake. Na mchezaji akikaidi, akawa anamsogelea kila siku kumpigisha soga, toleo la 1.6 lina agizo la kuongeza au kupunguza pointi ambalo unaweza kuliweka ndani ya mstari wenyewe wa mazungumzo. Ukaribu usio na adabu unamgharimu. Mchezaji wa Ulaya atashangaa kwa nini pointi zake zinashuka kila akiongea na mama huyu. Mwache ashangae, aulize, akigundua atakuwa amejifunza kitu ambacho kitabu cha utalii hakimpi.

Mtani ni mgumu zaidi, na ni mtamu zaidi kumwandika. Mzaramo na Mnyamwezi wanatukanana mchana kutwa, na tusi ndiyo salamu. Msibani mtani anaweza kumwigiza marehemu, mwendo wake na sauti yake, mbele ya wafiwa, au akazuia shughuli mpaka apewe chochote. Na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna anayekasirika kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Gemu hizi zinajua tusi kuwa ni kitu cha kupunguza pointi. Lakini lichunguze faili la zawadi. Kwa kila mhusika kuna ngazi tano, kuanzia anachokipenda mno hadi anachokichukia, na kila ngazi ina sehemu mbili: maneno atakayosema, na orodha ya vitu. Maneno na pointi havijafungwa pamoja. Kwa hiyo mpelekee mtani takataka uliyovua mtoni, iwe kwenye ngazi ya juu kabisa ya upendo, na maneno yake yawe matusi ya kukutoa jasho. Pointi 80 zinaingia. Siku ukimpelekea ua zuri, akujibu kwa adabu iliyonyooka, na pointi zishuke, kwa sababu umemfanya mgeni.

Heshima ya umri nayo haina mahali pake. Kila mhusika kwenye faili amewekewa rika, na marika ni matatu tu: mtoto, kijana, mtu mzima. Evelyn mwenye mvi na mfua vyuma wa mji wako kundi moja. Hakuna mzee. Shikamoo haina pa kukaa, na kwetu salamu hiyo ndiyo inayoamua mazungumzo yote yanayofuata: anayeanza ni mdogo, na mdogo asipoanza, mazungumzo yameshachafuka. Ninachopendekeza ni tukio fupi la kwanza kwa kila mzee, lenye swali moja: umsalimieje? Anayekosea apate mada ya mazungumzo ya siku nne, na mji mzima umkumbushe, kila mmoja kwa namna yake: shangazi kwa kumchamba, mwalimu kwa kumwelekeza, mtoto kwa kumcheka waziwazi.

Lugha si kikwazo. Stardew Valley ina lugha rasmi 12 na Kiswahili hakimo, lakini tangu toleo la 1.5.5 gemu inakubali lugha zinazoongezwa na wachezaji, na herufi zetu zote zimo tayari kwenye maandishi yake. Modi nazo huweka maneno yake kwenye folda moja, faili moja kwa kila lugha. Faili letu linaitwa sw. Naomba tu usiandike kwanza kwa Kiingereza ukatafsiri baadaye. Mkwe aliyeandikwa kwa Kiingereza atazungumza mno.

Anza na watu wawili. Wasiwe bwana harusi na bibi harusi, hao kila mtu anaanza nao. Wawe shangazi na mpwa wake, au majirani wawili waliokosana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Waandikie mistari wanayosemana kabla hujamwandikia yeyote mstari wa kumwambia mchezaji. Kisha chapisha mistari hiyo kwenye karatasi, umsomee bibi yako kwa sauti bila kumwambia inatoka kwenye gemu. Kila atakapokukatiza na kusema, huyo hawezi kumwambia mwenzake hivyo, weka alama kwa kalamu na umuulize angesemaje.